Milima mifupi, usiku mrefu: Kwa nini vilele vya Uskoti huua wakati wa baridi

KILELE cha Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote nchini Uskoti na katika Uingereza nzima, kipo mita 1,345 tu kutoka usawa wa bahari. Jiji la Nairobi limejengwa mahali palipo juu zaidi ya hapo. Hata hivyo, ni nadra majira ya baridi kupita bila milima hiyo kupoteza watu, wakiwamo wapandaji wenye uzoefu wa miaka mingi.

Chanzo si urefu wa milima. Ni mambo matatu yanayokutana kwa wakati mmoja: upepo, unyevu na ufupi wa mchana.

Uskoti ipo kaskazini kabisa, mbele ya bahari ya Atlantiki, na dhoruba zitokazo huko hufika vileleni bila kizuizi. Machi 20, 1986, kituo cha hali ya hewa katika kilele cha Cairn Gorm kilipima upepo wa kasi ya kilomita 278 kwa saa. Upepo wa namna hiyo hutokea mara chache. Lakini hata ule wa kilomita 60 kwa saa, wakati baridi ni nyuzi 5 chini ya sifuri, humpiga mtu kama baridi ya karibu nyuzi 16 chini ya sifuri.

Kuhusu unyevu, hali ya hewa huko hupanda na kushuka kandokando ya nyuzi sifuri. Asubuhi inaweza kunyesha mvua, mchana ikaanguka theluji, na jioni kila kilicholowa kikaganda. Nguo zilizolowa hazihifadhi joto. Mwili unapopoa, mtu hutetemeka, kisha huanza kujikwaa, na hatimaye akili yenyewe huzubaa, akashindwa kutambua kwamba yumo hatarini.

Mabadiliko hayo hayo ndiyo yanayowavutia wapandaji. Theluji inayoyeyuka na kuganda tena mara kwa mara huwa barafu ngumu, inayoshika vizuri mashoka ya barafu na vyuma vyenye meno vinavyofungwa chini ya viatu.

Jambo la tatu ni mchana. Mwezi Desemba jua huchomoza karibu saa 3 asubuhi na kutua kabla ya saa 10 jioni. Safari ya kupanda Ben Nevis na kurudi huweza kumaliza saa zote hizo. Kwa sababu hiyo, kila anayepanda wakati wa baridi hana budi kuufikiria usiku, hata kama hakusudii kulala mlimani.

Wanaokusudia kulala wana njia kadhaa. Ipo ya vibanda vya mawe viitwavyo bothy, ambavyo vingi vilikuwa nyumba za wachungaji na wakulima. Chama cha Mountain Bothies Association, kilichoanzishwa mwaka 1965, hutunza takriban vibanda 100. Havina malipo wala mlinzi. Mgeni huja na mfuko wake wa kulalia, jiko na chakula.

Njia nyingine ni kuchimba pango katika lundo la theluji. Mlango huwekwa chini ya kitako cha kulalia, ili hewa baridi ishuke na kutoka. Tundu la hewa halina budi kubaki wazi usiku kucha, kwani moshi wa jiko huua kimyakimya. Koleo hulazwa ndani, maana theluji huweza kuziba mlango kabla ya mapambazuko.

Hatari kubwa ni usiku usiopangwa. Novemba 1971, wanafunzi 6 kutoka Edinburgh wakiwa na viongozi wao 2 walishikwa na dhoruba katika uwanda wa juu wa milima ya Cairngorm, wakielekea kibanda cha dharura kilichoitwa Curran. Hawakukifikia. Walilala kwenye theluji siku mbili. Wanafunzi 5 na kiongozi mmoja wakafariki dunia.

Msiba huo ulizua mjadala mkali. Baadhi ya wapandaji walisema vibanda vya vileleni vimeokoa maisha. Wengine walijibu kwamba huwashawishi wasio na uzoefu kupanda hali ya hewa ikiwa mbaya, ilhali vikifunikwa na theluji havionekani hata kwa hatua chache. Hoja ya pili ilishinda, na mwaka 1975 Curran kiliondolewa.

Tangu wakati huo mkazo umewekwa kwenye maandalizi. Idara ya taarifa za maporomoko ya theluji, iliyoanza mwaka 1988, hutoa utabiri wa kila siku wakati wa baridi kwa maeneo 6 ya milima. Taarifa hizo huonyesha miteremko ambako upepo umerundika theluji isiyoshikamana na tabaka la chini yake.

Dira nayo haina mbadala. Ukungu ukifunika kilele cha Ben Nevis, mtu hutakiwa kufuata nyuzi 231 za ramani kwa mita 150, kisha nyuzi 282. Akikosea upande mmoja, huangukia genge la Gardyloo. Akikosea upande wa pili, huishia katika korongo la Five Finger, ambalo limekwisha kuua wengi.

Wanaokwenda kuwatafuta waliopotea ni watu wa kujitolea, nao hawatozi malipo. Huacha kazi na familia zao kuingia katika dhoruba ile ile iliyomshinda mwenzao. Ndiyo maana mpandaji hushauriwa kumwachia mtu taarifa za njia na saa ya kurudi, na kuamua mapema, angali bondeni, saa ambayo atageuka hata kama kilele kinaonekana.