Hukumu Inapoanzia Nyumbani: Utangulizi

Anayefungua maandishi ya Wakristo wa karne mbili za kwanza hakawii kukutana na hukumu. Moto upo, kiti cha enzi kipo, na watu wanatengwa, hawa huku na wale kule. Ni rahisi kudhani kwamba mpaka umewekwa kati ya "sisi" na "wao", na kwamba waandishi walijua vyema wamesimama upande gani. Lakini dhana hiyo haidumu: mara nyingi hukumu huwageukia wale wale wanaosomewa.

Na hao "sisi" walikuwa nani? Wenyewe walikuwa bado wanatafuta jibu. Katika karne ya 2, Aristides wa Athens aliandika utetezi wa Wakristo akiwagawa wanadamu kwa ibada zao. Nakala ya Kisiria, iliyoonekana mwaka 1889 katika monasteri ya Mtakatifu Katarina huko Sinai, inataja makundi manne, Wakristo wakiwa mojawapo. Nakala ya Kigiriki inataja matatu. Naye mwandishi wa Waraka wa Kwanza wa Petro anawapa wasomaji wake wa Asia Ndogo majina matukufu ya Israeli, watu walioteuliwa na kutengwa kwa Mungu. Waraka huo huo ndio unaotangaza kwamba hukumu inaanza na nyumba ya Mungu. Kuteuliwa hakukuwapa kinga. Kuliwatanguliza mbele ya hakimu.

Fungu ninalopenda kuanza nalo na wanafunzi ni Mathayo 25, kondoo na mbuzi. Mataifa yote yanakusanywa, na kipimo ni chakula, maji, nguo, kumtembelea mgonjwa na mfungwa. Wataalamu hawajakubaliana hata leo. Je, mataifa hayo ni watu wa nje tu, au wanafunzi wamo? Na wale "wadogo" waliohudumiwa ni maskini wote, au ni wahubiri wa Kristo waliokuwa wakizunguka bila kitu? Ukichagua jibu moja, hukumu inawalinda wafuasi wanaoteswa. Ukichagua jingine, inawauliza wafuasi wenyewe wamewatendea nini wenye njaa. Angalia pia kwamba pande zote mbili zinamwita hakimu "Bwana", na zote zinashangaa. Mimi naona mshangao huo ndio kiini cha fungu: hakuna aliyefika pale akijua kundi lake.

Mchungaji wa Hermas, kitabu kilichoandikwa Rumi na kupendwa sana katika makanisa ya kale, kinaonyesha hukumu ikiwageukia waumini wenyewe, kwa njozi ya mnara. Mnara ni Kanisa, mawe ni waumini, na mengine yana nyufa. Yapo mawe meupe ya mviringo, mazuri kuyatazama, lakini hayakai ukutani mpaka yachongwe. Hao ni waumini matajiri, na kinachochongwa ni mali yao. Ujenzi umesimamishwa kidogo ili watu watubu.

Lakini upo upande unaoumiza, pale hukumu inapogeuzwa dhidi ya wengine. Melito wa Sardis, katika mahubiri yake ya Pasaka, anaishitaki Israeli kwa kumuua Mungu. Maneno ya namna hiyo, yaliyotoka katika jumuiya ndogo isiyo na mamlaka, yalirithiwa na Kanisa lenye dola nyuma yake, na Wayahudi wakalipia kwa karne nyingi. Mtafiti hana ruhusa ya kuyapita kimya kimya.

Swali la nani ni "sisi" halikuishia katika karne hizo mbili. Katika karne ya 4, Tyconius wa Afrika Kaskazini aliishi kati ya Wadonati, kundi lililojitenga na Wakatoliki na kujiona kuwa Kanisa safi. Akafundisha kwamba mwili wa Bwana una pande mbili, wema na waovu wakikaa pamoja hadi siku ya mwisho. Wenzake wakamhukumu katika mtaguso, naye hakuhamia kwa Wakatoliki. Augustino, askofu wa upande ule mwingine, ndiye aliyezichukua kanuni zake za kufasiri Maandiko na kuwafundishia wasomaji.