Barua pepe isipofika: Seva ya ofisi huacha alama za kufuatwa

Ofisi ya biashara ya samaki wilayani Nyamagana, jijini Mwanza, inapotuma kwa barua pepe ankara na hati za shehena ya minofu ya sangara kwa mnunuzi wa Ulaya, kuchelewa kwa saa chache tu kunaweza kuvuruga biashara nzima. Minofu ni bidhaa inayoharibika, na mzigo haupokelewi bila karatasi zake.

Tatizo hilo huwa gumu zaidi kwa kampuni, vyuo na hospitali zinazoendesha seva zao zenyewe za barua pepe badala ya kukodi huduma hiyo. Faida yake ni kwamba taasisi hutunza kumbukumbu zake na hufungua anwani nyingi bila kulipia kila mtumiaji. Hasara yake ni kwamba barua isipofika, fundi wa ofisi ndiye posta na ndiye wa kuulizwa.

Hata hivyo, ni nadra barua pepe kupotea bila kuacha alama. Mfano wake ni kifurushi kinachopelekwa Dar es Salaam kwa basi kutoka stendi ya Nyegezi: karani hukiandika kitabuni, na kisipofika, jambo la kwanza ni kufungua kitabu, si kugombana na dereva.

Kitabu cha seva ni logi, yaani faili ambamo huandikwa kila barua iliyotoka, saa yake, ilikopelekwa na jibu la seva ya upande wa pili. Jibu hilo huanza kwa namba ya tarakimu tatu, kwa mujibu wa mwongozo wa SMTP uliotolewa mwaka 1982, ambao ndio msingi wa usafirishaji wa barua pepe hadi leo.

Namba 250 baada ya barua kukabidhiwa ina maana kuwa imepokelewa. Mpokeaji asipoiona, atafute kwanza katika folda ya barua taka.

Namba inayoanza na 4 ni kukataliwa kwa muda. Barua hubaki kwenye foleni na seva hujaribu tena. Baadhi ya seva humkataa mtumaji mgeni kwa dakika chache kwa makusudi, kwa kuwa programu nyingi za kusambaza barua taka hazirudi mara ya pili. Namba inayoanza na 5 ni kukataliwa moja kwa moja, na mara nyingi sababu huandikwa pembeni yake.

Endapo logi inaonyesha kuwa muda umekwisha bila jibu lolote, tena kwa wapokeaji wote, yawezekana mlango namba 25, ambao seva hutumia kupelekeana barua, umefungwa. Watoa huduma wengi wa intaneti duniani huufunga ili kuzuia barua taka. Dawa yake ni kuomba ufunguliwe, au kupitisha barua katika seva ya mtoa huduma.

Sababu nyingine kubwa ni utambulisho. Seva inayopokea hutaka namba ya IP ya mtumaji iwe na jina, na jina hilo lirudi kwenye namba ile ile. Rekodi ya kugeuza namba kuwa jina, iitwayo PTR, kwa kawaida huwekwa na mtoa huduma wa intaneti aliyetoa namba hiyo, hivyo fundi hana budi kumwomba.

Aidha, zipo rekodi ya SPF, inayotaja seva zilizoruhusiwa kutuma barua kwa jina la taasisi, na DKIM, ambayo ni sahihi ya kidijitali. Tangu Februari 2024, Google inamtaka kila anayeandikia anwani za Gmail awe na walau moja kati ya hizo. Anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku anatakiwa kuwa nazo zote mbili, pamoja na DMARC.

Wakati mwingine namba ya ofisi huingizwa katika orodha nyeusi, kama zile za Spamhaus, shirika lililoanzishwa mwaka 1998. Kompyuta moja yenye virusi yatosha kuleta balaa hilo iwapo ofisi nzima inatoka kwa namba moja. Kompyuta hiyo isafishwe kwanza, ndipo ombi la kuondolewa lipelekwe. Vinginevyo namba itarudishwa orodhani.

Kwa barua zinazoingia, kukatika umeme usiku mmoja si msiba. Mwongozo wa mwaka 2008 unazitaka seva zinazotuma kuendelea kujaribu kwa siku nne hadi tano. Ila diski ikijaa, barua hukwama. Na kikoa, yaani jina la taasisi kwenye intaneti, kikifutwa kwa kutolipiwa ada, barua hurudishwa kwa watumaji papo hapo, huku ofisi ikidhani hakuna aliyeiandikia.

Hivyo basi, tarehe ya kulipia kikoa iandikwe ukutani, logi isomwe kila asubuhi, na barua ya majaribio itumwe nje kila wiki. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika biashara ya samaki, ukuta huo hujengwa wakati mzigo unaoza.