Fahamu: Kwa nini programu ya masomo hugoma ikihamishwa kompyuta

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipokomesha huduma yake ya kawaida kwa Windows 10, shule yenye kompyuta kuukuu hulazimika kuhiari baina ya kununua mpya na kuhamia Linux. Na aghalabu ni katika uhamisho huo ndipo programu iliyotii jana hugoma leo.

Asili ya taabu ni kwamba kila programu huundwa kwa mfumo wake maalumu, hata faili ya exe, iliyokusudiwa Windows, haifahamiki na Linux ila kwa wasita wa programu kama Wine, ambayo, kwa kusema haki, si ya kutumainiwa daima. Mac nayo, tangu toleo la Catalina la mwaka 2019, haikubali kabisa programu za biti 32, wala haifai kitu kuzisakinisha upya.

Hila iliyofichika zaidi imo katika majina: Linux hupambanua herufi kubwa na ndogo, basi somo liitalo Picha.png, ilhali faili yaitwa picha.png, litadhihirisha mchoro katika Windows na pengo tupu katika Linux, na mwalimu maskini atailaumu skrini.

Kwa hiyo, kabla ya kufuta chochote, usome ujumbe wa hitilafu, kisha utafute toleo la kivinjari: kwa mfano programu ya Scratch, iliyotegemea programu-jalizi ya Flash katika toleo lake la pili, tangu Januari 2019 haiihitaji tena. Kwa matumizi pasipo intaneti, programu ya GCompris ya watoto hupatikana bure kwa mifumo yote mitatu.