Kukaa Nyumbani na Kutamani Safari

Leo twataka kunena juu ya katoni.

Tunapowazuru washiriki huko Kawangware, Kangemi na Uthiru, mara nyingi twakaribishwa katika chumba ambacho mwenyewe amekipanga kwa miaka minane, hata kumi na miwili. Chai huja, na mazungumzo huwa matamu. Lakini tukitazama nyuma ya mlango, twaiona katoni iliyofungwa kwa kamba tangu siku ya kuhamia. Tukiuliza twajibiwa, "Ah, Pasta, hapa si nyumbani. Hapa twalala tu." Na ndani ya katoni mna nini? Aghalabu ni vitabu: atlasi ya shule, kamusi, hadithi zilizosomwa zamani, Biblia ya marehemu mama. Juu yake, ukutani, pana kalenda yenye picha ya ndege.

Basi mtu huyu ana nyumbani kuwili. Kumoja kuko nyuma yake, kijijini alikozaliwa. Kwingine kuko mbele, Doha au Toronto, ambako hajafika. Hapa katikati anapokula na kulea watoto ni kama benchi la stendi, na hakuna apakaye rangi benchi la stendi.

Tusimcheke. Jambo hili liliwahi kufika hata mahakamani. Wakili Silvano Melea Otieno alifariki Desemba 1986. Alikuwa msomi aliyejulikana kwa kumpenda Shakespeare, naye alikaa na jamaa yake Langata, tena alikuwa na shamba Upper Matasia, upande wa Ngong. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika huko Matasia; ukoo ukasema sharti azikwe Nyalgunga, Siaya. Hoja kubwa ilikuwa tofauti ya nyumba na nyumbani. Kwa Kijaluo nyumba ni "ot" na boma la mtu ni "dala", na mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Odera Oruka, alikuwa miongoni mwa walioitwa kushuhudia juu ya desturi hizo. Mwezi Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo haki, naye akazikwa Nyalgunga. Hatuirudii kesi hiyo ili tuamue upya. Twaitaja kwa sababu swali lake lingali linaulizwa kila jioni katika ploti zetu: je, mahali nilipopanga paweza kuwa kwetu?

Swali lenyewe ni la zamani kuliko Nairobi. Watu wa Yuda walipochukuliwa mateka Babeli, nabii Hanania alitangaza kwamba baada ya miaka miwili tu mambo yote yangerudi kama kwanza. Miaka miwili! Nani asiyejua maneno hayo? "Mwakani nahama." Lakini Yeremia aliwaandikia barua kutoka Yerusalemu, akawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na kuuombea mema mji ule wa ugenini. Watu wengi hukomea hapo. Barua yaendelea: itakapotimia miaka sabini, watarudishwa. Yeremia hakuwaambia waisahau safari. Katika barua moja aliwapa bustani ya leo na safari ya kesho, wala hakuona kwamba moja yaifukuza nyingine.

Sasa mtu aweza kutuuliza, "Mwenye ploti akinipa notisi ya mwezi mmoja, bustani nitaibeba?" Ni kweli, hutaibeba, na kodi ikipanda hakuna mahubiri yatakayoishusha. Ndiyo sababu twasema juu ya vitabu. Kitabu ni kitu cha nyumba kinachobebeka. Mtume Paulo alisafiri kuliko wengi wetu, naye akiwa kifungoni alimwagiza Timotheo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, pamoja na vitabu. Mzee yule, hata katika chumba asichokichagua, alitaka kujifunika na kusoma.

Tena kitabu humsafirisha aliyetulia. Salim bin Abakari, mtu wa asili ya Komoro, alifuatana na bwana wake Mjerumani mwaka 1896 hadi Urusi na Siberia, na habari za safari yake kwa Kiswahili zikachapwa huko Ujerumani mwaka 1901, katika kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli. Anayetamani kufika mbali na ajue kwamba wasemao lugha yake walikwisha kwenda zamani na kuandika.

Na vitabu havikosekani. Katikati ya jiji, Banda Street, pana Maktaba ya McMillan yenye simba wawili wa mawe mlangoni. Ilifunguliwa mwaka 1931 kwa ajili ya Wazungu peke yao, na Mwafrika aliipita kwa nje miaka mingi. Baraza la Jiji lilipoichukua baadaye ikawa ya wakazi wote. Twasikitika kuona vijana wakiwaogopa simba wale mpaka leo, hali mlango ni wao. Huduma ya Maktaba za Taifa nayo iliundwa kwa sheria mwaka 1965. Zaidi ya hayo wako wauza vitabu vya mitumba wanaovitandaza kandokando ya njia za mjini. Ukishuka matatu namba 46, pita kwao kabla hujafika kazini.

Lakini mwenye haja kubwa zaidi ni mtoto wako. Wewe una kijiji unachokikumbuka. Yeye amezaliwa Kawangware, na huko unakokuita nyumbani hufika Desemba kama mgeni, akiulizwa jina lake na nyanya yake. Ukimwambia kila siku kwamba hapa twalala tu, je, umemwachia kwao wapi? Mtoto huyu akiiona atlasi mezani, atauliza Siberia iko upande gani, na hapo hapo atatafuta Nairobi ili apime umbali.

Basi jioni ya leo ikate ile kamba. Sanduku la mbao la nyanya lililotupwa sokoni Kangemi, likisafishwa na kulazwa ubavu, latosha vitabu ishirini. Usilisukume likagusana na ukuta wa mabati, maana wakati wa mvua unyevu hupita na karatasi huota ukungu. Liinue juu ya matofali mawili, na kalenda ya ndege iache pale pale juu yake.