Kufuli Isimfungie Mfanyakazi

Tangu jimbo la Colorado, nchini Marekani, lilipofungua maduka ya bangi mwaka 2014, mmea huo umezidi kuoteshwa ndani ya majengo yaliyofungwa. Mipango yake ya umeme na ulinzi ni suala la afya ya kazini pia.

Mche hupewa mwanga kwa saa 18 kila siku, kisha saa 12 ili uchanue. Baadhi ya taa hutoa miale ya urujuanimno inayounguza konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho. Maumivu huanza saa kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa nyumbani, asiishuku taa.

Hewa huongezewa kaboni dioksidi ili kuharakisha ukuaji. Gesi hiyo haina harufu, na ikivuja hutanda karibu na sakafu.

Kwa kuhofia wezi, wamiliki huweka milango ya chuma na kufuli za umeme. Basi mlango ufunguke kutoka ndani bila ufunguo, hata umeme ukikatika. King'ora cha gesi kiwepo. Na miwani ya kinga ivaliwe. Ulinzi unaomzuia mwizi kuingia usimzuie mfanyakazi kutoka.