Nishani Isiyotajwa Katika Hati

Watu wengi wa Kimilili wana jamaa aliyetumika katika K.A.R. wakati wa vita vya 1939–1945. Ikiwa hati yake haitaji nishani aliyostahili, haki hiyo haikupotea. Nyota ya Burma iliwahusu waliopigana huko, kama wale wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki waliofika mto Chindwin mwaka 1944. Lakini nishani hizo zilitolewa bila kuchorwa jina. Kwa hiyo maandishi ndiyo shahidi. Ombi lipelekwe Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, likitaja namba ya askari, kikosi, miaka ya utumishi, na jina kama karani alivyoliandika, hata ikiwa alilikosea. Ipelekwe nakala tu. Hati yenyewe ibaki nyumbani.