Mafua ya Tukuyu si Madogo kwa Aliyepandikizwa Figo

Kila Juni na Julai baridi ya Tukuyu hukaza, madirisha ya kosta hufungwa, na mmoja akipiga chafya wote huivuta hewa hiyo. Kwa wengi wetu ni mafua ya juma moja. Kwa aliyepandikizwa figo, ni hatari.

Muhimbili ilianza upandikizaji huo Novemba 2017. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Mwili huiona figo hiyo kuwa ni mgeni na hutaka kuifukuza. Ndiyo maana mgonjwa humeza kila siku dawa za kupunguza kinga. Lakini kinga ikipungua, virusi vya mafua hushuka kwa urahisi mapafuni na kuleta nimonia, pengine bila homa kali ya kumshtua mtu.

Basi ukiwa na mafua, ahirisha kwenda kumjulia hali. Huko si kumtenga. Naye avae barakoa safarini, amwulize daktari juu ya chanjo ya homa ya mafua, na awahi hospitali akianza kukohoa. Dawa zake asiziache kwa shauri la jirani: akiziacha, figo itakataliwa.